Sindano ya kulegeza, sindano ya kujaza, au krimu: kuchagua ukiwa Malindi au Lamu

Kazi yangu ni kupamba maharusi. Napaka hina, nasinga, navalisha, na kwa miaka 22 nimeshika nyuso za wanawake wa Malindi kuanzia Shella mpaka Maweni, na za Lamu kila harusi zinaposhamiri baada ya mfungo. Zamani mama wa bi harusi alikuwa akiniuliza hina gani inakolea. Siku hizi ananivuta kando, anashusha ushungi kidogo, anaweka kidole katikati ya nyusi na kuninong'oneza: "Mwenzangu, hii sindano ya makunyanzi, nidungwe nisidungwe?"

Mimi si daktari na simdungi mtu. Lakini nimedungwa mwenyewe, mdogo wangu wa Lamu amedungwa ya aina nyingine, na kabla na baada ya hapo nimewauliza madaktari maswali mengi kuliko walivyozoea. Jibu langu limekuwa refu mno kunong'onezwa katikati ya vishindo vya harusi, ndiyo maana nimeliandika.

Kwanza ujue kwamba "sindano ya makunyanzi" si kitu kimoja. Ziko mbili, zinafanya kazi tofauti kabisa, na watu wanazichanganya kila siku. Moja inalegeza misuli. Ya pili inajaza bonde. Kando yake kuna njia ya krimu, na kuna kuacha uso kama ulivyo, ambako nako ni uamuzi kamili.

Tazama kwanza ni mkunjo gani

Kaa karibu na dirisha asubuhi, uso umeoshwa, hujapaka kitu. Kunja uso kama mtu aliyeudhiwa, kisha uachie. Inua nyusi, uachie. Cheka, uachie. Mistari inayotokea na kufutika uso unapotulia ni ya misuli: ngozi inakunjwa na msuli ulio chini yake, kama leso inavyokunjwa mkononi. Mistari inayobaki hata umetulia imeshajichimbia. Msuli ulianza kazi, jua na miaka ikaimalizia. Halafu kuna ile ambayo si mstari hasa, ni bonde, kama lile la kutoka kando ya pua hadi pembe ya mdomo, au kivuli chini ya macho. Bonde linatokana na mafuta ya uso kupungua na kushuka, hata mfupa wenyewe kupungua kadiri umri unavyokwenda.

Kuna jambo la nne, na kwa ngozi zetu ndilo kubwa kuliko yote. Wengi wanaoniuliza kuhusu sindano, nikiwatazama kwa karibu, sioni makunyanzi. Naona rangi: madoa mashavuni, weusi juu ya mdomo, paji lisilolingana na kidevu. Ngozi nyeusi hukunjamana kwa kuchelewa, mara nyingi miaka 10 au zaidi baada ya nyeupe, kwa sababu melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inaikinga. Wataalamu waliwahi kupima kinga ya asili ya ngozi nyeusi dhidi ya jua na, kwa kile kipimo kinachoandikwa SPF kwenye krimu za jua, wakaikadiria kuwa kama 13, ya nyeupe kama 3. Kwetu jua huanza kuonekana kama madoa. Na hakuna sindano kati ya hizi mbili inayoondoa doa. Nimemwona mwanamke aliyetumia akiba ya mwaka mzima kulegeza paji la uso lililokuwa halina tatizo, akarudi kwenye kioo na doa lake lile lile.

Hapa Malindi tuna kishawishi chetu. Wataliano wamekaa nasi tangu miaka ya 1960, enzi kituo cha anga cha San Marco kilipojengwa Ngomeni, na wanawake wetu wengi wamefanya kazi majumbani na hotelini mwao. Mtu anamsikia bibi wa nyumba wa miaka 40 akizungumzia sindano zake, naye ana miaka 40, basi anaona zamu yake imefika. Ngozi ile na hii hazikuanza safari pamoja. Jipime na mama yako na shangazi zako.

Sindano ya kulegeza

Jina linalojulikana ni Botox, ingawa kuna nyingine kama Dysport na Xeomin. Dawa yenyewe ni sumu inayotolewa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yule yule anayeua watu kwa chakula kilichoharibika ndani ya mikebe. Jina limetokana na neno la Kilatini la soseji, maana daktari Mjerumani Justinus Kerner ndiye aliyeueleza ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo miaka ya 1820, watu walipokuwa wakidhurika kwa soseji mbovu. Nalisema hili mapema kwa sababu kila mtu atakuja kukwambia "hiyo ni sumu", nawe utatishika. Ni sumu kweli. Kinachoifanya dawa ni kipimo kidogo mno na mahali inapowekwa.

Daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, aliijaribu kunyoosha macho yenye makengeza, na Marekani ikaikubali kwa kazi hiyo mwaka 1989. Huko Vancouver, Jean Carruthers, naye daktari wa macho, akagundua kuwa wagonjwa aliowatibu kope zinazocheza walikuwa wakipoteza mikunjo ya katikati ya nyusi. Mumewe Alastair alikuwa daktari wa ngozi. Wakaandika matokeo yao mwaka 1992, na mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa mikunjo ya nyusi. Mistari ya pembeni mwa macho ikafuata mwaka 2013, na ya paji la uso 2017.

Inafanyaje kazi? Msuli hukunja pale neva inapoupelekea ujumbe wa kikemikali. Dawa inaufungia ujumbe huo usitoke. Msuli haufi, unapumzika. Unaanza kuona tofauti siku ya 3 hivi, inakamilika kama wiki ya 2, na baada ya miezi 3 au 4 neva inakuwa imerudisha kazi yake na uso unarudi ulipokuwa.

Mimi nilidungwa katikati ya nyusi Mombasa, wiki 5 kabla ya harusi ya binti yangu. Matundu 5, vizio 20 kwa jumla (kizio ni kipimo cha nguvu ya dawa), na hicho ndicho kipimo cha kawaida cha Botox kwa sehemu ile. Iliuma kama kuumwa na siafu, mara 5, basi. Siku ya 4 nikajaribu kukunja uso na nyusi hazikusogea. Kwenye picha za harusi ninaonekana kama mtu aliyelala vizuri, na kwa mama mwenye harusi hilo si jambo dogo. Mwezi wa 4 mikunjo ikarudi. Sikujuta. Sikurudia pia, na sababu yangu nitaieleza nikifika kwenye pesa.

Mabaya yake: kichwa kuuma siku moja mbili, alama ya damu kuvilia. Linaloogopwa zaidi ni kope kushuka, dawa ikisambaa hadi kwenye msuli unaoinua kope. Katika majaribio ya mikunjo ya nyusi ilitokea kwa takriban watu 3 kati ya 100. Huisha yenyewe, lakini baada ya wiki kadhaa, na hakuna dawa ya kuiharakisha sindano itoke. Kwa paji la uso kuna hatari nyingine: mwenye nyusi nzito akilegezwa sana, nyusi zinamshukia na anaonekana mchovu kuliko alivyoingia. Mara chache sana sumu husambaa mbali, mtu akashindwa kumeza, kuzungumza au kupumua vizuri. Hapo hospitali mara moja, hata kama zimepita siku au wiki kadhaa.

Inafaa kwa nini, basi? Mikunjo ya misuli tu. Kwa mstari uliokwisha kujichimbia itaulainisha, haitaufuta. Kwa bonde la pembeni mwa mdomo, hapana kabisa.

Sindano ya kujaza

Hii ni jeli. Iliyoenea zaidi ni ya asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unacho kwenye ngozi na viungo, na kazi yake ni kushika maji. Marekani iliidhinisha Restylane kwa mikunjo ya uso mwishoni mwa 2003. Jeli inawekwa chini ya ngozi, bonde linainuka pale pale, unatoka kliniki ukiiona kazi. Hudumu miezi 6 hadi 12, nyingine hadi 18, kutegemea jeli na mahali.

Ukizilinganisha kwa juu juu, ya kujaza inashinda: matokeo ya papo hapo, muda mrefu, na ikiharibika inaweza kuyeyushwa. Kuna kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi ambacho daktari anakidunga na jeli inayeyuka. Sindano ya kulegeza haina kitu kama hicho, unasubiri tu.

Lakini hatari ya kujaza ni nzito zaidi. Jeli ikiingia ndani ya mshipa wa damu, au ikaubana, ngozi inayolishwa na mshipa ule inaanza kufa. Mishipa ya pua na ya katikati ya nyusi imeungana na ile ya jicho, na watu wamepoteza uwezo wa kuona kwa sindano ya kujaza iliyowekwa maeneo hayo. Ni nadra. Ila upofu ule ukishatokea, mara nyingi haurudi nyuma. Dalili zake: maumivu makali yasiyoendana na sindano ndogo, ngozi kupauka au kuwa na madoadoa kama wavu, macho kuona ukungu. Kwenye ngozi nyeusi mpauko hauonekani upesi. Tazama kama rangi imekuwa ya kijivujivu, na amini maumivu kuliko kioo. Hapo muda unahesabiwa kwa saa, na anayehitajika ni daktari mwenye kimeng'enya mkononi.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo sijaona mtu wa pwani akilizungumzia.

Nani atakupokea siku ya tatu?

Mdogo wangu anakaa Langoni, Lamu. Alisafiri hadi Mombasa, akajazwa mabonde ya pembeni mwa mdomo asubuhi, na jioni akapanda basi la kurudi kwa sababu mumewe hakupenda alale nje siku mbili. Mombasa hadi Malindi ni kilomita kama 120. Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya 200. Kisha boti. Alifika nyumbani upande mmoja wa uso umevimba na kuna kitu kigumu kama kokwa la ukwaju chini ya ngozi. Akapiga simu kliniki. Haikupokelewa siku ile, wala ya pili. Siku ya tatu msichana akamwambia daktari amesafiri.

Alhamdulillahi halikuwa la mshipa. Lilikuwa donge tu, jeli imekusanyika pahali pamoja. Lakini sisi hatukulijua hilo. Nilikaa na simu mkononi nikimwuliza rangi ya ngozi yake kila saa, naye anajimulika na tochi. Mwishowe tulipata daktari wa ngozi mwingine, akamwambia arudi, akaliyeyusha kwa kimeng'enya. Safari ya pili, nauli ya pili, malipo ya pili.

Tangu hapo, mtu akiniuliza kati ya hizi mbili ipi bora, namwuliza kwanza anakaa wapi na daktari wake yuko wapi. Kwa anayekaa Mombasa jirani na kliniki, kujaza na kulegeza ni mambo mawili ya kupimwa kwa uzito wake. Kwa anayekaa Malindi, kujaza kunataka alale Mombasa angalau usiku mmoja, mimi ningesema miwili. Kwa anayekaa Lamu, Shela, Matondoni au Faza, kujaza na kupanda basi siku hiyo hiyo nakataza kwa nguvu zangu zote. Kulegeza kunavumilia umbali zaidi, kwa sababu mabaya yake ya kawaida hayahesabiwi kwa saa, yanaweza kungoja wiki. Hata hivyo hakikisha unaweza kurudi wiki ya 2, maana hapo ndipo daktari hutazama kama upande mmoja umeshika zaidi ya mwingine.

Umbali unaigusa dawa yenyewe pia. Botox huja kama unga mkavu ndani ya kichupa, inatunzwa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, inachanganywa na maji ya chumvi pale pale, na kwa maelekezo yake ikishachanganywa itumike ndani ya saa 24. Fikiria stima zetu zinavyokatika. Mtu akija kwenye chumba cha hoteli au sebuleni kwa rafiki na mabomba ya sindano yaliyokwisha kujazwa, ndani ya mkoba, muage kwa heshima na uondoke. Hujui ni nini, hujui imekaa joto gani tangu lini. Mwaka 2024 hata Marekani, penye ukaguzi wote ule, watu walilazwa hospitali baada ya kudungwa Botox bandia au iliyotoka kwa wauzaji wasiojulikana.

Kichupa kifunguliwe mbele yako. Piga picha lebo na namba ya toleo. Uliza ni dawa ipi na vizio vingapi, na ukumbuke kuwa vizio vya Dysport si sawa na vya Botox. Namba kubwa haimaanishi umepewa zaidi. Jina la daktari litafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ipo mtandaoni na haichukui dakika 5. Cheti ukutani cha mafunzo ya siku 2 si leseni.

Krimu, jua na subira

Hapa ndipo ninapopapenda, na sitaficha.

Kuna vitu viwili vyenye ushahidi mzito. Cha kwanza ni krimu ya kuzuia jua. Huko Nambour, Australia, watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 walifuatiliwa kwa miaka 4 na nusu. Waliopaka kila siku ngozi yao ilizeeka kwa asilimia 24 chini ya waliopaka kwa hiari yao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Wengi wao walikuwa na ngozi nyeupe, kwa hiyo sitaichukua namba ile nikaibandika juu yetu, lakini jua ni lile lile, na letu ni kali zaidi: Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, Malindi nyuzi 3. Buibui na ushungi vinaficha vyote isipokuwa uso, na bahari na mchanga vinarudisha mwanga kutoka chini. Watazame manahodha wetu, mistari ya pembeni mwa macho yao ilitokana na kukazia macho maji yanayong'aa tangu utotoni. Miwani ya jua ingewasaidia kuliko sindano yoyote.

Kwa madoa, tafuta krimu ya jua yenye rangi, ile ya kahawia. Rangi hiyo ni oksidi ya chuma, nayo huzuia hata mwanga unaoonekana kwa macho, ambao kwa ngozi nyeusi unazidisha madoa. Kinga (SPF) 30 inatosha kama utapaka ya kutosha: mistari miwili ya krimu, urefu wa vidole viwili, uso na shingo. Watu wanapaka robo yake kisha wanasema haifanyi kazi.

Cha pili ni tretinoini, inayotokana na vitamini A. Ilianzia kwenye chunusi, na tangu miaka ya 1980 imeonekana kulainisha mistari midogo na kupunguza madoa ya jua. Inataka miezi 3 hadi 6 kabla ya kuona kitu. Inababua mwanzoni, na kwa ngozi yetu kubabuka kunaacha weusi, hivyo anza usiku 2 kwa wiki, kiasi cha punje ya choroko kwa uso mzima, juu ya mafuta ya kulainisha. Mjamzito asiiguse, wala anayetarajia kushika mimba. Pata ushauri wa daktari au mfamasia.

Na liwa, ule mti wa kunukia tunaousaga? Mafuta ya uto? Nimelelewa nayo. Bibi yangu alisaga liwa juu ya msio mpaka mikono ikanukia siku tatu, na hadi leo simalizi kumsinga bi harusi bila hiyo. Inapoza ngozi, inaitakata, na mafuta yanaijaza ngozi kavu ikaonekana nyororo, mistari midogo ikajificha hadi kesho. Hilo ni zuri na ni letu. Kuondoa mkunjo uliojichimba, haiwezi, na sitamwuzia mtu maneno.

Kitu kimoja usikiguse: krimu za kujichubua. Nyingi zina steroidi, na steroidi ikitumiwa miezi mingi inaikondesha ngozi mpaka mishipa ionekane. Nimeona msichana wa miaka 30 mwenye ngozi ya uso kama karatasi ya sigara. Alikuwa akitafuta ujana.

Pesa

Bei ya kliniki inabadilika na sitaiandika. Nitakupa hesabu. Chukua bei ya kulegeza, zidisha kwa 3, kwa maana kuishikilia mwaka mzima kunataka mara 3 au 4. Ongeza nauli za kwenda na kurudi mara hizo zote, na ile safari ya wiki ya 2. Kwa kujaza chukua bei ya mara moja au mbili kwa mwaka, ongeza malazi, na weka kando akiba ya kuyeyusha, kwa maana mdogo wangu hakuiweka. Kwa krimu hesabu kopo la krimu ya jua kila baada ya wiki kadhaa, kwa uhakika, maana ukipaka inavyopaswa linaisha haraka. Nilipoiandika hesabu hiyo kwenye daftari langu la wateja, nikaona sindano ya nyusi kwa mwaka ilikuwa inakula karo ya muhula ya mwanangu wa mwisho. Hiyo ndiyo sababu sikurudia.

Wasiofaa kudungwa, na swali la dini

Mjamzito na anayenyonyesha wangoje, kwa sindano zote mbili. Mwenye ugonjwa wa misuli dhaifu, kama mayasthenia, asilegezwe. Mwenye jipu au maambukizi pale pa kudungwa, asubiri yapone. Ukiwa umepewa jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, au dawa za jamii yake, sema, kwa maana zinaweza kuzidisha nguvu ya sindano. Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema pia, lakini usiziache bila idhini ya aliyekuandikia. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe aepuke Dysport, ina laktosi, sukari ya maziwa inayoweza kuwa na chembe za protini hiyo.

Kwa dini, mimi si mwanachuoni na sitahukumu. Najua mwaka 2006 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia lilikataza Botox ya urembo, na kwamba wako masheikh wanaotofautisha kati ya tiba na kujipamba. Ninachokuomba ni umpelekee sheikh wako habari kamili, si "sindano ya urembo" tu. Mweleze kuwa Botox ina albumini, protini itokanayo na damu ya binadamu, kwamba athari yake inaisha baada ya miezi, na kuwa jeli nyingi za sasa hutengenezwa kwa bakteria maabara badala ya mnyama. Atakujibu vizuri zaidi. Na kwa kuwa baada ya kudungwa siku ile hutakiwi kusugua wala kukandamiza mahali penyewe, muulize daktari mapema kuhusu sujudu ukidungwa paji la uso, upange saa ya miadi kufuatana na sala.

Ukiwa na harusi mbele

Kulegeza: wiki 4 kabla, kwa uchache 2. Kujaza: wiki 4 pia, uvimbe na kuvilia kwa damu viishe, na donge likitokea lipate muda wa kushughulikiwa. Tretinoini haianzwi mwezi wa harusi. Na ukidungwa, niambie mimi au mwingine anayekusinga, maana mikono yetu inasugua na kukanda, na siku ile hatupaswi kukugusa.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Muyeye alinivuta kando kama kawaida. Harusi ya mwanawe ilikuwa imebaki wiki 7. Nikamkalisha dirishani. Alipokunja uso, mistari miwili mirefu. Alipoachia, ikafutika yote. Mabonde hana, madoa hana, pesa ya mara moja anayo na hataki zaidi ya mara moja. Nikamwambia kwa uso huo, sindano ya kulegeza ingemfaa. Akampigia daktari wa Mombasa mbele yangu. Aliuliza dawa ni ipi, vizio vingapi, kichupa kitafunguliwa mbele yake au la. Kisha akauliza, "Na wiki mbili baadaye, daktari, wewe utakuwepo?" Akajibiwa wiki hiyo atakuwa Nairobi. Akasogeza miadi mbele wiki moja.